Bando la Mjomba

Watu wakiniambia ilikuwa bahati mbaya, nakasirika. Bahati mbaya ni tawi kukudondokea ukipita njiani. Hili langu lilifanywa na mtu mzima, kwa mkono wake, akiwa amekunywa chai na kushiba.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesomea uhasibu, nikarudi nyumbani na cheti pamoja na kompyuta mpakato ambayo mama aliinunua kwa kahawa ya shamba letu la Ihanda. Kule shambani mtandao ni wa kubahatisha, kwa hiyo nikapelekwa Tunduma kwa mjomba, kaka mkubwa wa mama, anayeshughulikia kutoa mizigo ya malori pale mpakani. Nilipika, nikafua, nikadeki. Jioni, mjomba akiwa na moyo mkunjufu, aliwasha hotspoti ya simu yake nami nikatuma maombi ya kazi. Akiwa hana moyo huo aliizima nikiwa katikati ya kutuma, kisha akauliza kwa sauti nyumba nzima isikie ni nani anayekula MB zake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Intaneti ya kuazima ndiyo kabisa.

Maombi yangu yote yalipotelea kimya, mpaka shirika moja la Iringa likaniita kwenye usaili. Usaili wenyewe wa video, saa nne asubuhi. Mama alipopata habari aliwaambia kina mama wenzake wa kanisani, wakafunga na kuomba. Mimi niliazima koti kwa jirani nikalipiga pasi. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilitaka mshahara wangu, chumba changu, na simu yangu ya intaneti ambayo hakuna mtu angeniuliza nimeitumia kufanya nini.

"Mpwa wangu, siku hiyo simu nakuachia kutwa," mjomba alisema. "Mimi nitatembea na hii ndogo."

Nilimshukuru mpaka nikajionea aibu.

Asiyeijua Tunduma lazima aelezwe jambo moja. Ng'ambo ya mpaka, kule Nakonde, saa ziko nyuma yetu. Kwao ikiwa saa tatu, kwetu ni saa nne. Na wafanyabiashara kama mjomba wana laini mbili kwenye simu moja, ya huku na ya Zambia, na simu huonyesha saa ya laini inayotumika. Ndiyo maana hapa mtu akikuambia mkutane saa nane, unamuuliza kwanza: ya huku au ya ng'ambo? Hata watoto wanauliza. Mimi sikuuliza, kwa sababu saa nne yangu ilikuwa ya Iringa, na Iringa haina ng'ambo.

Asubuhi ile mjomba aliiweka simu dirishani, mahali inaposhika mtandao vizuri.

"Kila kitu nimekuwekea tayari," akasema. "Usiguseguse mipangilio."

Alipoondoka nikavuta meza hadi dirishani, nikachomeka waya kutoka kwenye simu hadi kwenye kompyuta. Kompyuta yangu ina ugonjwa wake: ukiizima inasahau tarehe na saa, na usipoirekebisha kwa mkono kurasa hazifunguki. Nikaitazama simu, saa mbili na nusu, nami nikaandika saa mbili na nusu. Kitochi changu, kisimu cha kupigia tu, nilikuwa nimekizima tangu nilipokwenda kulala, maana barua yao ya usaili ilisema simu zizimwe na niliogopa kukosea hata hilo. Basi uongo mmoja ukawa na mashahidi wawili, nami nikauamini.

Nilioga bila haraka. Nikanywa chai, nikajijibu maswali mbele ya kioo. Ilipokaribia saa nne nikabonyeza kiungo, na intaneti, tuipe haki yake, ilikuwa na kasi ambayo sijapata kuiona katika nyumba ile.

Nikaona waulizaji wawili, na kijana mmoja mwenye tai akiwa katikati ya kujieleza.

"Samahani, huyu ni nani?" akauliza mama mmoja mwenye miwani, mmoja wa waulizaji.

Nikajitambulisha.

"Dada, zamu yako ilikuwa saa nne."

"Ndiyo, mama. Nimewahi kidogo."

"Sasa hivi inakwenda saa tano. Tumekupigia, simu imezimwa. Kwani uko wapi?"

"Tunduma."

"Tunduma hakuna saa?" akasema mwenzake, na yule kijana wa tai akacheka. Kisha wakanitoa.

Nikabaki nakodolea macho kompyuta nikiwa nimevaa koti la watu. Ndipo nikaigusa ile mipangilio niliyokatazwa, nikaona data zinatoka kwenye laini ya Zambia.

Mjomba aliporudi sikungoja avue viatu. Nikamwuliza kwa nini.

"Si ina kasi?" akasema. "Halafu bando lake lilikuwa linaisha muda leo. Nikaona badala ya kupotea bure, mtoto alitumie. La huku nina kazi nalo."

Makombo! Siku niliyoingoja tangu nivue joho, nililishwa makombo. Nikamwambia angenitaarifu tu, neno moja. Yeye akacheka.

"Mtu unaishi Tunduma, unaponzwa na saa ya ng'ambo!"

Aliponiona sicheki, uso wake ukabadilika. "Shukrani ya punda ni mateke. Nimehangaika kutwa bila simu kwa ajili yako."

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Mama muuza maandazi aliniuliza kama nayataka ya huku au ya ng'ambo. Niliwaandikia wale wa Iringa nikawaeleza kila kitu, wakanijibu kwa upole kwamba nafasi imeshapata mtu. Nadhani ni yule wa tai.

Nikampigia mama.

"Basi mwanangu, Mungu hakupanga," akasema.

"Mungu hakuigusa ile simu, mama. Aliyeigusa ni kaka yako."

Mama akashusha sauti. "Ameshanipigia. Anasema umemvunjia heshima. Mdogo wako anakuja hapo kuanza kidato cha kwanza. Nani mwingine atampokea? Nenda kamshukuru."

"Nimshukuru kwa lipi?"

"Kwa simu."

Mjomba alikuwa sebuleni anatazama mpira. Kwetu binti humshukuru mkubwa kwa kupiga goti na kupiga makofi taratibu. Nikapiga goti, nikapiga makofi, nikasema, "Asante, mjomba, kwa kuniachia simu."

Hakugeuza kichwa.

"Usijali, mpwa," akasema. "Siku nyingine ukiwa na shida ya intaneti, wewe sema tu."