Kuku Saba za Madame na Siku ya Wageni wa Furaha

Hii mambo nimeificha miaka mingi, hata bwana yangu akitaka kuisimulia mbele ya watu mimi najifanya nimesikia chungu inafurika na naenda mu jikoni, lakini leo nasema mwenyewe, maana wengine wakisema wanaongeza (eti nilianguka juu ya muzee ya watu, hapana, sikuanguka juu yake, nilianguka kando).

Ilikuwa Mushaki, ile miaka wazungu walikuwa wanalima pareto ku milima yote ile, na mimi nilikuwa bibi arusi wa miezi tano tu, nikiishi mu lupango, ndani ya ua ya mama mukwe yangu, Mama Veronika. Mama Veronika alikuwa muntu wa maneno kidogo na kuku nane. Kubwa yao ilikuwa moja nyeusi, yenye kutembea polepole ikiangalia wengine wanafanya nini, na kwa hiyo tuliiita Kapita, kama wale wasimamizi wa kazi mu mashamba. Kapita ikikohoa, zingine zinaacha kula.

Basi shangazi yangu Martina alikuwa anafua nguo kwa Madame mumoja pale juu, na siku moja nilienda kumusalimia nikakuta wanachimba shimo nyuma ya nyumba. Nikauliza shimo ya nini, shangazi akasema Madame anahama, na kuku zake haziwezi kutaga tena, mupishi ameambiwa azikate zote na kuzitupa, hata kula watu hawataki, maana zinaonekana vibaya. Nikaenda kuziangalia. Zilikuwa saba, nyeupe, ndani ya kasha za waya, shingo tupu, mugongo tupu, moja haikuwa na unyoya hata mumoja ku mukia. Zilikuwa hazijakanyaga udongo tangu kuzaliwa. Zikaniangalia zote saba pamoja, kichwa upande, na mimi (muniwie radhi, niko hivyo) nikamwambia shangazi aende kuulizia Madame kama naweza kuzichukua. Madame akasema achukue.

Nikazishusha mu vitunga viwili, na pale barabarani wamama wenye kuuza viazi wakaniona. Mumoja akaniuliza:

"Dada, umeanza kuzinyonyoa zikiwa bado hai?"

Nikacheka pamoja nao, lakini ndani niliumia.

Mama Veronika yeye hakucheka. Akazigeuza moja moja, akasema: "Utie hizi mu kile kiraro cha zamani cha ndama, chenye ukuta wa matete. Zitazamane na zangu kupitia matete majuma mawili. Kisha jioni moja, zangu zikisha kupanda ku miti yao ya kulala, utazipandisha hizi kando yao polepole. Asubui zitaamuka pamoja. Usiharakishe."

Nikasema ndiyo, mama. Na kweli nilifanya hivyo, siku mbili.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya Mungu, na kiisha misa wageni wakubwa walikuwa wanakuja. Furaha, semeki yangu, dada mudogo ya bwana yangu, alikuwa amependwa na kijana mumoja wa familia ya wafugaji wa ng'ombe, watu wenye heshima, na baba ya kijana, Papa Yoakimu, pamoja na bibi yake Mama Agata, walikuwa wanakuja kumuomba. Furaha hakuwa amelala siku tatu. Alikuwa amepaka ukuta ya nyumba udongo mweupe kwa mikono yake mwenyewe.

Na kile kiraro cha ndama, munaelewa, kilikuwa kando ya njia kabisa, pale wageni watapita. Nikaziona zile kuku zangu, shingo zimetoka nje ya matete kama vidole, na nikajiambia: Bibiana, watu hawa wakiona hizi watasema nini? Njo ile asubui, wengine wako wanavaa nguo za misa, mimi nikazibeba moja moja nikazitia mu nyumba ya kuku nyuma ya jikoni, pamoja na Kapita na watu wake, nikamwaga mahindi, nikafunga mulango kwa kamba. Nikasikiliza. Kimya kabisa. Nikawaza, kumbe mama mukwe anapenda tu kuogopesha watu. (Sikujua Kapita alikuwa anahesabu.)

Wageni wakafika, wakaketi. Jirani yetu, Papa Simoni, alikuwa mu upande wa wanaume wetu, amevaa koti. Papa Yoakimu akasimama, muzee murefu, kofia ku mukono, suruali nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, akaanza kusema polepole namna watu wakubwa wanasema, na nyuma ya jikoni nikasikia kitu kama chungu inapasuka, kisha kilio, kisha mabawa. Mama Veronika akaniangalia. Mimi nikaangalia mawingu.

Mama mukwe akasema, "Bibiana, leta wageni maji ya kunawa."

Nikachukua beseni, ile nyeupe ya chuma tuliyoazima kwa katekista, na sikuwaza kitu, maana nani angewaza? Lakini kwa Madame zile kuku zilikuwa zinaletewa unga ndani ya beseni nyeupe, kila siku ya maisha yao. Nilipiga magoti mbele ya Papa Yoakimu, aliyekuwa ameketi tena ili anawe, na pale pale kamba ya mulango ikakatika. Zikatoka saba, nusu uchi, damu ku kishungi, Kapita nyuma yao anazifukuza, zikaona beseni, na sijawahi kuona kuku inakimbia hivyo. Moja ikaruka ndani ya maji. Mbili zikapanda ku mabega yangu. Mimi nikaanguka kando, maji yote yakaenda ku suruali ya Papa Yoakimu, na ile isiyo na mukia ikapanda ku magoti yake, ikakaa.

Mama Agata akavuta nguo yake nyuma akauliza kwa sauti ya chini: "Hizi kuku ziko na ugonjwa gani? Sisi tuko na ng'ombe ku nyumba."

Na hapa njo nilipojimaliza. Nilisema: "Mama, hizi si zetu. Iko kuku za Papa Simoni."

Papa Simoni akatoa kilesi yake ya tumbako mu kinywa. "Zangu? Mimi nafuga mbuzi tu."

Nikasimama, nikarudi nyuma hatua moja na beseni, kuku zikanifuata hatua moja. Nikaenda kushoto, zikaenda kushoto. Hakuna muntu alicheka. Papa Yoakimu akashusha ile kuku chini, akasimama, akavaa kofia yake, akasema, "Labda turudi siku ingine." Nikamuona Furaha ku mulango wa nyumba, udongo mweupe bado uko mu kucha zake, na uso yake sitaki kuisema.

Basi nikapiga magoti tena mu matope na nikasema yote, bila kupumua: kwamba ziko zangu, kwamba zilikuwa za kutupwa ndani ya shimo, kwamba mama mukwe aliniambia ningoje na mimi sikungoja kwa sababu nilipata haya, kwamba Furaha hakujua kitu, wanihukumu mimi, wasimuache yeye.

Mama Agata akainama. Akashika kuku moja, akaigeuza, akapuliza manyoya ya kifua, akaangalia macho yake, akaangalia chini ya bawa. Alichukua muda. Kisha akasema: "Haina ugonjwa. Imesuguliwa na waya. Angalia, unyoya mupya unaanza hapa." Akaniangalia mimi: "Uzipe majivu na udongo mukavu zioge. Na muchwa, kama unapata."

Papa Yoakimu akajipangusa suruali. "Uongo ya huyu mutoto," akasema, "imekauka mbele ya suruali yangu kukauka." Akavua kofia, akaketi, akaanza maneno yake upya tangu mwanzo. Njo watu wakacheka, Papa Simoni mbele ya wote, na mimi nikaenda kulia mu jikoni, ile kilio ya muntu aliyepona.

Jioni Mama Veronika aliniambia kitu kimoja tu: "Mimi nilisema majuma mawili. Wewe ulisikia siku mbili."

Tukaanza upya kama alivyosema. Ku kiraro nilitia majivu, na siku ya kwanza kuku zile hazikujua ni ya nini, zilikuwa zinainua miguu kama udongo unaunguza, kisha moja ikalala upande na kujirushia, na zingine zikaangalia, na saa ya mchana zote saba zilikuwa ndani ya vumbi, macho yamefungwa. Manyoya yakaota. Majuma mawili yalipotimia tukazipandisha jioni kando ya zingine, mimi na Mama Veronika. Asubui Kapita alipiga mbili ku kichwa, akapiga ya tatu, kisha akaenda kula. Basi, ikaisha pale. Na moja ilitaga mbele ya mavuno ya maharagwe, moja ya zile Madame alisema haziwezi tena. Mama Veronika alinionyesha lile yai, akaliweka mu mukono yangu.

Furaha akaolewa, na siku alipoenda kwa bwana yake, Mama Agata aliomba kuku mbili kati ya zile nyeupe ziende naye. Kwa hiyo sisemi ile siku iliharibika yote. Lakini tangu pale, muntu mukubwa akiniambia majuma mawili, mimi nangoja matatu. Na kitu chochote kibaya kikitokea mu lupango yangu mbele ya wageni, hata kama ni mbuzi ya jirani kweli, nasema ni yangu, kisha njo naanza kueleza.