Kengele ya Cherehani pale Chakol

Mwanangu, kabla hujaigusa tena hiyo saa iliyo ndani ya kompyuta yako, keti kwanza. Uliniambia kwamba kila inapogonga, mfumo husimama kidogo kuangalia ni programu gani iendelee na ipi ipishe. Ukaiongeza kasi ili kila kitu kiwe chepesi, na sasa kazi kubwa haziishi. Nilicheka, unisamehe. Nilikumbuka Jumamosi moja ya miaka ile baada ya uhuru, baba yako akiwa mchanga mgongoni mwangu.

Alikuwa abatizwe kesho yake. Dada yake aliyemtangulia alituacha kabla hajabatizwa, na uchungu ule ulikuwa bado mbichi. Niliapa kwamba huyu ataingia kanisani na kanzu yake nyeupe, hata kama nitaishona kwa meno.

Sisi akina mama wa Chakol tulikuwa na cherehani moja tu, ikikaa kwenye veranda ya kanisa. Mwenyekiti wetu, Mama Amoit, ndiye aliyeshika kengele. Ikilia, aliyeketi anaondoka na mwingine anaketi. Kwa kawaida aliipiga baada ya saa nzima. Siku hiyo walionitangulia walikuwa wakishona magomesi, na gauni la gomesi unalijua, refu na pana, kitambaa hakiishi. Mimi nilikuwa na mishono michache tu, lakini nilingoja asubuhi yote, mtoto akilia, mpaka nami nikalia.

Mama Amoit alinihurumia. Alikuwa na huruma kuliko subira, Mungu amrehemu. Akaanza kupiga kengele kila baada ya muda mfupi ili kila mtu aiguse mashine upesi. Basi ikawa vurugu. Kila ilipolia, mtu atoe kitambaa, mwenzake abadilishe uzi, aweke bobini yake ya uzi wa chini, atafute alipoachia. Akianza tu kukanyaga, kengele. Zamu yangu ilikuja mara nyingi, na kanzu haikusogea. Mama Amoit mwenyewe hakushona chochote, siku yake yote iliishia kwenye saa na kengele.

Ndipo Mama Taaka, mkongwe wa Matayos aliyeolewa kwetu, alipoongea kwa upole.

"Mama Amoit, hii kengele imekula siku yetu. Watu wanabadilisha uzi tu, hakuna mwenye anashona. Ngoja mtu ashone kidogo ndio upige."

"Na huyu wa mtoto je?"

"Huyu ako na kazi ndogo. Mpatie nafasi ya kutosha, atamaliza aende."

Wakakubaliana robo saa. Wenye magomesi walinung'unika, kisha wakazoea, maana sasa nguo zao nazo zilionekana kusonga. Mimi nilishona mwili wa kanzu, nikapisha, nikarudi kushona mikono ya kanzu. Wengine walipoenda kupika, nikabaki peke yangu. Mama Amoit akainua kengele kwa mazoea. Mama Taaka akamshika mkono, akamwuliza anampigia nani sasa. Nikashona bila kukatizwa, na jua lilikuwa bado juu nilipokata uzi wa mwisho. Kesho yake nilimpeleka baba yako mbele ya padri ndani ya kanzu yake nyeupe.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia nyanya yako asiyejua kompyuta. Saa yako ikigonga mno, mashine itamaliza nguvu zake kwa kupokezana. Ikigonga kwa nadra, mwenye kazi ndogo atakaa nyuma ya wakubwa mpaka akate tamaa. Tafuta katikati, uipime kwa kazi ulizo nazo, si kwa haraka yako. Na palipo na kazi moja tu, au hakuna kabisa, iache saa inyamaze.

Mungu akupe subira pamoja na huo moyo mwema ulio nao. Na wadogo watakaokungoja, wafikiwe kabla hawajalia.