Hewa Inayolala Bondeni

Katika kambi ya wakimbizi, akifika mtu mwenye kisibao kinachong'aa na karatasi zilizobanwa kwenye kibao, ulisaini kwanza. Kuuliza kulikuja baadaye, unga ukiwa umeshaupata. Byamungu aliishi miaka kumi na minne katika desturi hiyo. Kwa hiyo mtu wa kampuni ya bomba alipomkuta akipalilia mchicha wake wa lengalenga nyuma ya nyumba yake, bondeni nje ya mji wa Columbus, alisaini, tena akamshukuru.

Wiki tatu baadaye Evans, jirani yake Mtanzania, ndiye aliyemfumbua macho. Bomba litapitisha hewa ukaa ya viwandani. Kaunti imekataza lisipite karibu na nyumba za watu. Kampuni imeishtaki kaunti, na jina la Byamungu limo katika orodha ya walioridhia bomba lipite.

"Hewa yenyewe haina rangi," Evans alisema. "Nzito. Ikivuja, inalala mabondeni."

Byamungu akaweka jembe chini. Kwao, karibu na Goma, hewa hiyo inayotoka ardhini huitwa mazuku, nayo huzima hata moto. Ilimuua mdogo wake pamoja na mbuzi wake, asubuhi moja isiyo na upepo.

"Papa Marcellin," mkewe Josiane alimwambia Byamungu, "donc mutu akikuya na kalamu, weye unasaini tu? Kama angeleta talaka yetu?"

"Hiyo ningeisoma."

"Na macho gani? Miwani unaachaka ku kazi kila siku."

Byamungu hakucheka. Tangu siku hiyo hakutulia. Kanisani alitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Ghalani alikofanya kazi, alibandika maboksi lebo zisizo zake. Kambini, aliyeikana saini yake alifutwa kwenye orodha ya unga, yeye na watoto wake.

Hata hivyo alikwenda mahakamani. Akasema saini ni yake, na anaiondoa. Alipoanza kueleza mazuku, wakili wa kampuni alisimama kwa adabu: usalama wa mabomba ni kazi ya serikali kuu, Washington; hapa linaulizwa tu iwapo kaunti ina mamlaka. Jaji akaafiki. Jina likakatwa. Hukumu, wakaambiwa, itachukua miezi.

Sasa kila asubuhi, kabla ya kazi, Byamungu hushuka bondeni, akachutama, akawasha njiti ya kiberiti karibu kabisa na udongo. Bomba lenyewe halijafukiwa bado.

"Inawaka?" Josiane huuliza dirishani.

"Inawaka."

Lakini haondoki mpaka moto umfikie kidoleni.