Binti Anayeongea kwenye Televisheni

Dada yangu Solenn aliigiza katika nchi nne, na kwetu Ufaransa ndiko alikopata kazi kidogo kuliko kote. Paris walimwambia lafudhi yake ya Kibretoni, ya kwetu pwani ya magharibi, inachekesha. Akaenda Berlin, akajifunzia Kijerumani jukwaani, kisha akahamia Roma, halafu Prague. Kila alikofika alishika lugha upesi, na kila alikofika walimpa nafasi ya Mfaransa: mpishi Mfaransa, hawara Mfaransa, jasusi Mfaransa.

Waitaliano ndio waliompa jina, kwenye tamthilia ya hospitali iliyoendelea miaka mingi, akiigiza daktari Mfaransa. Ilipouzwa Ufaransa, Solenn alikuwa Prague anarekodi filamu, kwa hiyo maneno yake yakasemwa kwa Kifaransa na mwanamke mwingine mwenye sauti nzito, laini kama siagi. Hapa kwetu Douarnenez, mama hakuikosa hata siku moja. Shoga zake aliopanga nao sardini kwenye makopo kiwandani walijaa sebuleni, naye akiwakemea: “Nyamazeni, binti yangu anaongea.”

Kisha kumbukumbu zikaanza kumtoka mama. Solenn akaacha kazi, akarudi nyumbani.

“Mama, ni mimi.”

Mama alimtazama, akatabasamu. Lakini Solenn alipoendelea kuongea, tabasamu likayeyuka.

“Uso huo umeuiba wapi?” mama akauliza. “Binti yangu haongei hivyo. Wewe unakwaruza kama mwiko kwenye sufuria.”

Tulimwonyesha picha za utotoni. Tulimwimbia nyimbo. Alinigeukia mimi, akaninong’oneza: “Gwenola, mtoe huyu mwanamke kabla hajachukua vijiko.”

Solenn akapiga simu studio ya Paris iliyotia sauti za Kifaransa, akaomba vipindi vilivyobaki aviongee mwenyewe, ili mama aanze kuizoea sauti yake.

“Haiwezekani, bibie,” msimamizi akamjibu kwa upole. “Watazamaji wameshamzoea yule.”

“Lakini yule daktari ni mimi.”

“Ndiyo, na uso wako hatujaugusa.”

Solenn alikata simu, akakaa jikoni akiitazama bahari. Jioni ile alipompelekea mama supu, nilisikia kupitia mlangoni sauti nzito, laini: “Kula kidogo, mama. Nimetoka hospitali sasa hivi.” Alikuwa anamwiga yule mwanamke aliyemsemea.

“Umechelewa, mwanangu,” mama akasema, akafungua kinywa.

Tangu hapo mama alikula, akalala, akakubali kuogeshwa. Solenn akisahau na kuongea kwa sauti yake, mama aliupiga mkono wake na kupiga kelele. Ikabidi asisahau.

Siku moja, wiki za mwisho, mama alimshika Solenn shingoni, akamvuta karibu. “Kuna mwanamke huwa anakuja hapa anajifanya wewe. Simpendi. Mwambie asirudi.”

Mimi nilikuwa nakunja mashuka.

“Nitamwambia, mama,” Solenn akajibu, kwa ile sauti.

Mama alifariki Februari. Kanisani padri alimpa Solenn nafasi ya kusoma, maana yeye ndiye mwigizaji. Alisimama, akafungua kitabu, akakohoa kama anayetafuta asome kwa sauti ipi. Kisha akanipa mimi kitabu, akarudi kukaa. Nilisoma vibaya, nikiruka mistari, na hakuna aliyenilaumu.