Mtoto Analilia Jina

Mwanangu alizaliwa Jumanne. Alhamisi akaanza kulia, na ilipofika Jumapili nyanya yangu alikuwa amekwisha kukata shauri: mtoto si mgonjwa, analilia jina. Muuguzi wa kituo cha afya alimpima joto, akamminyaminya tumbo, akasema haoni kitu. Nyanya alicheka. Alisema muuguzi anajua tumbo, lakini hajui ukoo.

Kwetu Buhehe, karibu na mpaka wa Kenya, mtoto hachaguliwi jina. Akilia bila sababu, mkubwa wa nyumba humpakata na kumtajia wafu wa ukoo mmoja mmoja. Jina atakalolinyamazia ndilo lake, na mwenye jina hilo amerudi, na mwendo wake, na hasira zake, hata namna alivyoshika kijiko. Mimi nilinyamazia jina la babu, mume wa nyanya, mchuuzi wa ng'ombe ambaye inasemekana hakuwahi kukimbia kitu. Ndiyo maana nyanya huniita mume wangu, na humwita mke wangu, aliyezaliwa upande wa Kenya, mke mwenzangu.

"Jumamosi tutaita majina," nyanya aliniambia jioni ile ya Jumapili. "Wewe kwenda kazi yako. Jumamosi wewe nabaki hapa."

Nikasema sawa. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kuyapitia majina yaliyobaki, na kila mara nilikwama kwenye moja.

Lilikuwa jina la baba mkubwa, kifungua mimba wa nyanya. Nilimwona nikiwa mdogo, kabla maradhi hayajamchukua. Alikuwa mtu wa kufunga mlango, kufika barabarani, kurudi kuusukuma, kuondoka, kisha kurudi tena. Mbuzi wake aliwahesabu hadi wenyewe wakachoka kusimama. Akivuka mpaka na gunia la muhogo, alimtaka mkewe asimame mahali anapoweza kumwona, asije akageuka asimkute. Watu walimcheka, lakini kwa sauti ya chini. Na tangu afe, jina lake halikupata mtu. Watoto wa ukoo walilia, majina yakaitwa, na likifika lake mama zao waliwaomba wazee wapite haraka, kama mtu anavyopita penye mbwa aliyelala.

Hofu yangu ilikuwa na sababu ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Mimi pia hurudi mlangoni.

Kibarua nilichokuwa nacho wiki hiyo hakikunisaidia. Riwaya yangu ya kwanza ilikuwa bado kwenye madaftari, na nilikuwa nimeajiriwa miezi mitatu kuzunguka vijiji vya Tororo nikiwasomea watu fomu ya kupima haiba. Mhadhiri aliyetusimamia alitufundisha siku mbili katika ukumbi mmoja pale Tororo mjini, dirisha likitazamana na ule mwamba mkubwa uliosimama juu ya mji. Alisema zamani wataalamu walikusanya kutoka kwenye kamusi maneno yote ambayo watu hutumia kumweleza mtu: mchoyo, mpole, mcheshi, mzembe, maelfu yake. Wengine waliokuja baadaye wakaona maneno hayo hujikusanya kama kuku wanaolala pamoja, na mwishowe wengi wao wakakubaliana juu ya makundi makubwa matano: udadisi, uangalifu, uchangamfu, upole na wasiwasi. Kila mtu anayo yote matano. Tofauti ni kiasi.

"Ni kama urefu," alisema. "Hakuna mtu asiye na urefu."

Nilipenda hilo la kamusi. Kwa mwandishi, kusikia kwamba sayansi nzima ilianza kwa watu kukaa na maneno ni kama kukuta jamaa ugenini. Lakini akaongeza kwamba viwango hivi kwa mtu mzima havibadiliki kirahisi, na kwamba sehemu yake huja na damu. Nikaacha kuandika. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Sisi wasomaji tulitakiwa kujaza fomu kwanza. Sentensi inasomwa, unachagua kutoka "sikubali kabisa" hadi "nakubali kabisa". Majibu yalipotoka, mhadhiri alinigonga bega. Wasiwasi wangu ulikuwa chini kuliko wa wenzangu wote. "Wewe ni mtulivu," alisema. "Utafaa vijijini." Nilicheka naye. Nikienda nyumbani nilishuka kwenye boda mara mbili kuhakikisha mkoba umefungwa.

Jumatano ya wiki ile ya kilio, nilikuwa kijijini Petta kwa mama mmoja aliyekuwa akibangua karanga kwenye ungo. Alikuwa mpole kiasi cha kunipa kiti chake na yeye akakaa chini. Nikamsomea: mimi ni mtu mwepesi wa kukasirika.

"Nakubali kabisa," akasema, akinisogezea karanga.

Mimi hugombana na majirani.

"Kabisa. Andika."

Nikaandika. Nyuma yake bintiye alikuwa akianika nguo na kutikisika kwa kicheko.

"Mama, wewe uligombana na nani?" binti akauliza. "Hata kuku wa jirani anakula hapa ndani."

"Si mimi," mama akajibu bila kuinua kichwa. "Ni yule nilipewa jina yake. Huyo mama alikuwa kali, alipiga askari na mwiko. Sasa huyu mwalimu nauliza mimi ni nani. Nitasema nini ingine?"

Niliweka kalamu chini. Kisha nikafungua fomu za siku zilizopita, moja baada ya nyingine, nikiwakumbuka watu wenyewe: mkulima wa Mella aliyenong'ona akisema yeye ni mzungumzaji sana, kijana mlegevu aliyekubali kabisa kwamba huamka kabla ya jogoo. Si wote, lakini wengi. Tuliwauliza wewe ni mtu wa namna gani, nao kwa heshima wakatujibu kuhusu wafu wao.

Na mimi je? Niliyakumbuka majibu yangu pale ukumbini. Huwa nahofia mambo ambayo hayajatokea: sikubali kabisa. Sikuwa nimedanganya. Nilikuwa nimemjibia mchuuzi wa ng'ombe.

Jioni nilimpigia simu mhadhiri nikamweleza kosa. Alisema tutalazimika kurudi kwa watu wote na kuwauliza upya. Kisha nikamuuliza swali lililokuwa langu mwenyewe: mtoto wa mtu mwenye wasiwasi anakuwaje?

"Anaweza kuupata, anaweza asiupate. Damu si amri."

"Na ukimwambia tangu utotoni kwamba yeye ni mtu wa wasiwasi?"

"Hilo sasa," akasema taratibu, "fomu yangu haijui."

Sikulala vizuri siku zile. Damu nilikuwa nimekwisha kumpa, hapakuwa na la kufanya. Wakiongeza na jina, kila atakaposita mlangoni kutakuwa na mtu wa kusema: mnaona, amerudi.

Jumamosi asubuhi nilimfuata nyanya jikoni, akigeuza viazi jivuni.

"Nyanya, nina ombi. Lile jina la baba mkubwa, uliruke."

Aliendelea kugeuza viazi. "Sababu?"

"Alikuwa na hofu."

"Mume wangu, na wewe naogopa nini?"

Nikajifanya nachochea moto.

"Mimi nazaa yeye," akasema. "Miaka yote hii watu naruka mtoto wangu. Mimi nakaa hapo, nasikia wanaruka. Leo na wewe?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria hivyo. Kwangu lilikuwa jina la hofu, kwake lilikuwa mtoto asiyekaribishwa nyumbani. Hata hivyo nilisema tena, nikiona aibu: "Tafadhali."

"Kama si yake, atalia tu," akasema, akajipangusa majivu.

Tulikaa sebuleni: nyanya, mke wangu, baba, na mimi nikiwa karibu na mlango. Mtoto alikuwa amelia tangu alfajiri na sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Nyanya akampakata, akaita la kwanza, babu wa babu. "Kama ni wewe, nyamaza tukuone." Akazidi kulia. La pili, mhunzi. La tatu, aliyekufa maji. Kila jina lililokataliwa lilinisogeza ukutani. Baba alitazama miguu yake. Mke wangu alikuwa amefumba macho kwa uchovu. Majina yakaisha, likabaki moja.

Nyanya hakuliita. Alinitazama. Nilielewa kwamba ombi langu lilikuwa limefika, na kwamba alikuwa tayari kulitimiza: angemrudisha mtoto kwa mamake, tungetafuta jina kanisani, na mwanawe angerukwa mara nyingine, safari hii na yeye mwenyewe. Midomo yake ilikuwa imekaza kama ya mtu anayebeba kitu cha moto.

"Liite," nikasema.

Akaliita. Sauti yake ilitoka ndogo, kama anayemwita mtu aliye chumba cha pili. Mtoto akakwama katikati ya kilio, akameza mate, akanyamaza.

"Amechoka tu," mke wangu akasema. "Ukilia tangu saa kumi na moja hata wewe utanyamaza."

"Mke mwenzangu, wivu," nyanya akasema, na machozi yakimshuka.

Labda alichoka. Sijui. Nilimwambia nyanya anieleze baba mkubwa alikuwaje, lakini asitaje mlango wala mbuzi. Alifikiri sana, mpaka nikahofia kwamba hapakuwa na kingine. Kisha akasema alipenda viazi vilivyopoa. Kwamba hakuimba ila akiwa anaoga mtoni. Kwamba mgeni akiaga alimsindikiza mbali, mpaka wengine wakamkimbia wakidhani ana shida.

"Na hofu?"

"Ilikuwa. Lakini alikuwa naogopa watu wasipate shida. Shida yake mwenyewe hakuogopa."

Nilichukua daftari langu nikayaandika hayo, viazi, mto, wageni, ili siku mwanangu akiuliza yeye ni nani apate zaidi ya neno moja.

Wengine walipolala nilikwenda kuangalia komeo. Lilikuwa limefungwa. Nilirudi kitandani, nikageuka, nikarudi tena, safari hii nikiwa nimembeba mtoto, kwa kuwa alikuwa macho na hakulia. Nikaugusa mlango mbele yake. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamwita kwa jina lake, kwa sauti ya chini, naye akanigeuzia uso.