Mgongo wa Shoka Alfajiri

Kule kijijini Mwese tulimwita Lyamba "Fundi", na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilobatizwa. Miaka ya tisini ilipoanza alikuwa na kambi ya kupasua mbao kule milimani, mbali na barabara ya kwenda Mpanda: wanaume wachache, misumeno miwili, na mkewe Esteria aliyewapikia. Kwa asiyejua, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Gogo la mninga linapandishwa juu ya miti miwili iliyokingamishwa juu ya shimo, linabanwa kwa kabari huku na huku lisibiringike, kisha mmoja anasimama juu ya gogo na mwenzake anashuka shimoni chini yake, wanavutana msumeno mmoja. Wa juu ndiye anayeona mstari, kwa hiyo ndiye anayeongoza. Wa chini anavuta na kula vumbi.

Lyamba alikuwa juu siku zote.

Sitampamba kwa sababu amekufa. Ualimu hakuwa nao. Ukimwuliza jambo alikujibu, "Mimi sina shule ya mdomo. Tazama." Ukitazama ukakosea, alikunyang'anya msumeno mbele ya wenzako, na mwaka mzima ukapita hujaushika tena mshikio wa juu. Aliona gogo lililoharibika ni msiba, na mtu aliyevunjika moyo ni mvivu. Aloyce, ndugu yake wa ukoo, aliwahi kuondoka kambini kwa hasira akarudi kwa njaa. Onesphore hakuondoka. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, ametoka Mishamo, makazi ya wakimbizi wa Kirundi, mpole, wa maneno machache. Huyo ndiye aliyekaa shimoni chini ya Lyamba miaka na miaka, akikohoa vumbi jekundu.

Halafu macho ya Fundi yakaanza kufifia. Alificha. Mbao zikawa nene huku na nyembamba kule, na mnunuzi wa Kashaulili, mjini Mpanda, akazikataa mbele ya watu wengine sokoni. Lyamba alirudi kambini kwa miguu, hakula. Esteria alinisimulia kwamba usiku ule mumewe alilia, jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu waoane. Akamwambia kwamba kambi ile ikikosa mtu wa kuona mstari, watu wote wale watarudi nyumbani mikono mitupu, na kosa litakuwa lake kwa sababu hakuandaa mtu.

Kulipokucha akamwita Onesphore, akamwambia apande juu.

Tangu hapo Fundi akawa mtu mwingine. Alijifunza kusema. Alimweleza Onesphore namna ya kunyoosha kamba na kuipaka weusi wa betri kuukuu ili mstari utoke safi, namna ya kunoa meno ya msumeno, namna ya kuusoma mti uliojipinda. Mrundi akikosea, Lyamba aliuma midomo akanyamaza. Kwa mtu wa hulka ile, kunyamaza kulikuwa kazi nzito kuliko kupasua. Msimu mzima ulipita hivyo. Mwishowe akawakusanya wote akatamka kwamba kuanzia siku hiyo fundi ni mmoja tu, Onesphore, na yeye mwenyewe atashuka shimoni kama mtu mwingine yeyote, wala asisikike mtu akimkimbilia mzee kulalamika. Aloyce alitema mate pembeni.

Sasa sikilizeni jambo linaloniuma mpaka leo. Kila alfajiri, kabla ya uji, kambi iliamshwa na mlio wa mgongo wa shoka: ko, ko, ko. Ni Lyamba. Wote walijua ni Fundi anawaamsha, wakamlaani chini ya mablanketi, wakaamka. Onesphore alipokabidhiwa kambi aliona hana haja ya kuwatoa watu usingizini kwa kelele. Alipita kwenye kila kibanda akiwaita kwa majina, taratibu, na watu wakampenda kwa hilo.

Kumbe Lyamba hakuwa anaamsha mtu. Alikuwa akikaza kabari. Kiangazi kabari za mti mbichi hukauka, husinyaa, hulegea. Asubuhi lazima zigongwe upya. Jambo hilo alikuwa amelifanya miaka mingi kiasi kwamba hakulihesabu tena kuwa ni ujuzi. Alifundisha kila alichokumbuka kuwa alijifunza. Hili hakulikumbuka.

Na asubuhi zile alikuwa kijitoni akiosha macho, akiwa ameapa kutoingilia kazi ya mwenzake.

Siku chache baadaye gogo lilibiringika. Onesphore aliruka, akaangukia majani. Lyamba alikuwa shimoni.

Walimtoa nyonga imesagika. Wakafunga blanketi kwenye fito mbili wakashuka naye mlima, wakitafuta barabara na lori lolote la kwenda Mpanda. Njiani Aloyce akaanza. Alisema mkimbizi amepata alichokitaka, kwamba gogo halibiringiki lenyewe. Onesphore alikuwa ameshika fito upande wa mbele, hakugeuka. Wengine hawakumtetea.

Lyamba akaomba ashushwe chini. Alisema kwa shida, na Esteria ndiye aliyemwinamia.

"Sikumwambia. Nilikuwa nagonga kabari kila asubuhi. Nilidhani nyie mnasikia."

"Tulisikia, baba," alisema Esteria. "Tulidhani unatuamsha."

Akafumba macho. Barabara hawakuifikia naye akiwa hai.

Baada ya matanga walirudi kambini, kwani msumeno ulikuwa bado umekwama kwenye lile gogo na njaa haina matanga. Wakalipandisha tena. Onesphore akapanda juu. Ikabaki nafasi ya chini. Aloyce akajifanya anatafuta kiberiti. Hapakuwa na mtu wa kushuka, na Onesphore akaanza kuteremka, akisema anarudi Mishamo, kambi waigawane.

Esteria akaiacha sufuria yake. Akajifunga khanga kiunoni, akapita katikati ya wanaume, akashuka kwenye shimo lililomuua mumewe, akasimama chini ya gogo.

"Gonga kabari, shemeji," alisema. "Gonga zote, na hawa watazame."

Onesphore aligonga, machozi yakimdondoka. Alizunguka gogo lote akasimama. Esteria akamwambia arudie, kwa sauti, akieleza kila kabari inabana nini. Akarudia. Aloyce alikuwa ameacha kutafuta kiberiti.

Kisha mjane akashika mshikio wa chini kwa mikono miwili, akavuta, na vumbi jekundu likaanza kumwagikia usoni.