Chai ya Matunda ya Bibi wa Boma

Mwajabu binti Yahaya alikuwa Mrangi wa Kondoa, mjane wa miaka kama arobaini, na Dodoma nzima ilimjua kwa ulimi wake. Mumewe alikufa kwa homa katika kambi ya wajenzi wa reli, naye akabaki hapo hapo, akafungua kibanda cha chai karibu na stesheni. Wenye maduka walikuwa hawanunui kasha la chai kabla Mwajabu hajatafuna majani yake mawili matatu. Atatafuna, atatema, kisha atasema, "Hii imelala karibu na mafuta ya taa," au, "Hii ilinyeshewa, wakaianika tena." Hakuna aliyekumbuka siku aliyokosea.

Asubuhi moja ya kiangazi, mwaka 1913, askari wa boma alisimama mbele ya kibanda chake na bunduki begani.

"Mwajabu ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, bwana."

"Unaitwa bomani. Sasa hivi."

Wateja waliweka vikombe chini. Mmoja aliondoka bila kumaliza chai yake. Mwajabu alifunika birika, akajitanda kanga, akamfuata askari. Alijipekua moyoni: kodi ya kibanda amelipa, ugomvi hana na mtu. Sasa anaitiwa nini?

Jibu alilipata njiani. Dorkasi, mwanamke wa Kigogo aliyelelewa kwenye misheni ya Mpwapwa, alikuwa ameketi nje ya ua wa boma, macho yamemvimba. Mumewe, Matonya, ndiye aliyekuwa mpishi wa mzungu mkuu wa boma.

"Dada Mwajabu," alisema akimshika mkono, "wamemfunga Matonya tangu juzi. Bibi mzungu anaumwa. Anatapika, masikio yanamvuma, anasema chai yake ina uchungu. Wanasema Matonya amemtilia sumu. Matonya mwenyewe ndiye aliyeomba uitwe uionje. Nakusihi, sema chai ni nzuri."

"Na kama si nzuri?"

Askari alikohoa, Mwajabu akaingia.

Barazani palikuwa na watu watatu. Bwana mkubwa, mfupi mwenye ndevu nyekundu, alisimama na mikono nyuma. Mkewe aliketi kwenye kiti cha kulalia, amejifunika blanketi na joto lile, uso umemparara. Halfani, mkalimani, alisimama pembeni. Matonya alichuchumaa kwenye vumbi la ua, mnyororo shingoni. Mwajabu alimtazama mara moja tu. Akihofia machozi yangemharibia ulimi, akageuza uso.

Juu ya meza palikuwa na kopo la bati lenye picha ya matunda, birika la maji ya moto na kikombe cheupe.

"Chai hii imetoka Ulaya," alisema Halfani. "Ni chai nyeusi, wameichanganya na matunda makavu. Anainywa bibi peke yake. Bwana hunywa kahawa. Onja, useme kuna nini."

Mwajabu alielewa pia lile ambalo Halfani hakulitamka. Kama mna sumu, yeye ndiye atakayeijua wa kwanza, tumboni mwake. Na akisema ni salama halafu bibi afe, wataunganishwa yeye na Matonya katika mnyororo mmoja.

Alifungua kopo. Harufu ilimpanda puani: majani mazuri, yaliyokaushwa na mtu anayejua kazi, na juu yake utamu wa tunda asilolijua, na ganda la chungwa. Halfani akamimina maji. Mwajabu alisubiri rangi ikolee, akasema bismillahi kimoyomoyo, akapiga funda moja.

Kwanza ikaja chai, nzito. Kisha tunda, ukali wake kama ukwaju lakini mpole zaidi. Chai hii, aliwaza, hata sultani angeinywa. Ndipo ukaja uchungu. Ulianzia nyuma ya ulimi, ukatambaa mpaka kooni, ukakaa.

Jasho lilimtoka. Matonya alikuwa amenyanyua kichwa.

"Anasema nini?" bwana aliuliza kwa Kiswahili chake kigumu.

"Bado, bwana," alijibu Halfani.

Alichota majani makavu kidogo kiganjani. Vipande vya matunda vilikuwa na unga mweupe, ungedhani sukari. Alilamba kimoja. Uchungu ule ule, safari hii mtupu. Aliujua. Aliulamba kambini kila juma, wakati daktari wa reli alipowapanga mstari na kuwawekea unga huo ulimini. Siku alizopewa mwingi, masikio yake pia yalivuma, akatapika.

Sasa hofu ilimwingia ya namna nyingine. Unga ule hakuwa nao Mgogo wala Mrangi. Ulikaa katika kabati la dawa la boma, na mji mzima ulijua kwamba ufunguo wake ulining'inia kwenye mkanda wa bwana mkubwa; aliuona hapo mbele yake.

Angeweza kusema chai ni nzuri. Bibi angeendelea kuinywa na kuumwa, na Matonya angerudishwa kifungoni. Angeweza kusema hajui. Wangempiga Matonya viboko hamsa ishirini, au zaidi.

"Chai ni nzuri," alisema. "Matunda ni mazuri. Ila humu mmetiwa kwinini, dawa ile ya homa. Nyingi."

Halfani alisita, kisha akatafsiri. Neno lenyewe halikuhitaji mkalimani. Bibi mzungu alijiinua kitini. Hakumtazama mpishi. Alimtazama mumewe, akasema maneno machache taratibu, naye mumewe akawa mwekundu mpaka shingoni. Akajibu kwa haraka, akionyesha kopo, kisha kifua chake, kama mtu anayejitetea. Mwajabu hakujua Kijerumani, lakini alikwisha kuwa mke wa mtu.

"Toka," Halfani alimnong'oneza. "Toka upesi."

Alipofika langoni Halfani alimkimbilia. "Bwana anasema, ulichoonja kikae kinywani mwako."

"Kwa nini alifanya vile?"

Halfani alitazama nyuma. "Bibi alikataa dawa ya homa. Bwana aliogopa asije akafa kama mke wa mtangulizi wake. Basi akamfichia ndani ya chai. Bibi alipougua, akaona aibu kusema."

Matonya alifunguliwa alasiri, baada ya viboko kumi. Kosa lake, waliandika, ni kuacha kopo wazi.

Majuma matatu Mwajabu hakulala vizuri. Kila alipoona kofia ya askari, aliacha kumimina mpaka ipite. Hakuna aliyekuja. Bibi mzungu alipanda treni kwenda pwani, na bwana akahamishiwa kwingine kabla ya mvua.

Matonya na Dorkasi walipita kumuaga, mizigo kichwani, wakirudi Mpwapwa. Matonya alikaa upandeupande kwa sababu ya mgongo.

"Mke wangu alikuomba useme chai ni nzuri," alisema.

"Na ilikuwa nzuri."

"Mimi niliogopa utasema hivyo tu."

"Na mimi niliogopa," alisema Mwajabu. "Hata sasa naogopa. Kunyweni, jua linapanda."